Kukodi gari la fowili Unguja na kujiendesha mwenyewe: mwongozo wa hatua kwa hatua

Unguja ina ardhi za namna mbalimbali, na anayetaka kuizunguka mwenyewe kwa gari la kukodi aijue ardhi kabla hajaulizia bei. Magharibi na katikati, ukitoka mjini kupita Bububu na Mahonda kuelekea Mkokotoni, udongo ni mwingi: kinongo chekundu penye mikarafuu na minazi, na kwenye mabonde ya mpunga kinamo kinachong'ang'ania chochote kinachokigusa. Mashariki na kusini ni maweni, ambayo wengine huita uwanda. Hilo ni jiwe la matumbawe ya kale lililokuwa chini ya bahari, na udongo juu yake ni kiasi kidogo tu. Kisha ukanda wa pwani, mchanga mweupe.

Kila ardhi ina tabu yake. Kinongo hakipasui tairi, ila mvua ikinyesha njia ya shamba huteleza vibaya. Maweni hayatelezi, lakini hukata ubavu wa tairi. Mchanga haukati wala hautelezi, unameza. Karibu kila ninachokueleza hapa, kuanzia gari la kuchagua hadi upepo wa kutia kwenye tairi, kinatokana na hayo matatu.

Hatua ya 1: Amua njia, kisha uchague chombo

Barabara kuu za Unguja ni za lami. Nungwi, Kiwengwa, Chwaka, Paje, Makunduchi, kote huko unafika kwa gari lolote zima. Kama safari yako ni ya hoteli hadi hoteli, usilipie fowili, yaani gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Gari dogo la kawaida linatosha. Fowili ni ya mtu anayetaka kuiacha lami: njia za kifusi za mashamba ya kaskazini, vipenyo vya maweni kule Mtende, njia za kwenda mapangoni nyuma ya Jambiani.

Magari yanayokodishwa sana kwa kazi hiyo ni Suzuki Escudo, Toyota RAV4 ya milango mitatu na Suzuki Jimny. Ni mafupi, mepesi, na mafundi wa mjini wanayajua vizuri. Mimi nitakushauri Escudo ya zamani ile yenye mkono wa pili mdogo wa gia, wa kuwekea fowili. Chesisi yake ni ngumu, na gia nzito, ile ya mwendo mdogo wenye nguvu, ipo pale unapoihitaji. RAV4 ni laini zaidi kwenye lami, lakini uwe na hadhari: nyingine huvuta magurudumu ya mbele tu. Inama uangalie chini. Kama hakuna propela shafti (chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma) inayokwenda nyuma, hiyo si fowili hata mwenyewe akiapa.

Zile pikipiki za magurudumu manne unazoziona kwenye hoteli za kaskazini na mashariki kwa kawaida huenda kwa msafara wenye kiongozi. Mtu akikupa moja uende nayo peke yako, muulize namba ya usajili na bima. Chombo kisicho na namba hakiruhusiwi barabara ya umma, na likitokea la kutokea utabaki wewe na mzigo wako. Vespa nayo ni rahisi na haina shida mjini, lakini kwenye kona za mashariki mchanga hupeperushwa juu ya lami, na magurudumu mawili hayauvumilii. Ukiwa na mtoto, iache.

Hatua ya 2: Karatasi

Zanzibar ina taratibu zake za barabarani, na vituo vya polisi wa trafiki utavikuta mara kwa mara. Mwenye leseni ya kigeni, na hapa nawakusudia hasa ndugu zetu wanaorudi likizo kutoka Oman, Uingereza au kwengineko, anahitaji kibali cha muda cha kuendesha kinachotolewa Zanzibar. Wakodishaji wengi hukuombea ukiwatumia picha ya leseni na ya pasi siku chache kabla. Usikubali kuambiwa "utakipata kesho" huku unakabidhiwa ufunguo leo. Mwenye leseni ya Tanzania Bara naye amuulize mkodishaji mapema kinachotakiwa na apewe jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Ndani ya gari kuwe na kadi ya gari au nakala yake, leseni ya barabara, uthibitisho wa bima iliyo hai, na mkataba wa kukodi wenye jina lako. Soma tarehe ya bima kwa macho yako. Uliza kama ni bima kubwa au ndogo. Ndogo humlipa yule uliyemgonga tu. Gari lenyewe likiharibika, mwenye gari atakutazama wewe.

Wanaotoka Oman, Ulaya bara, Congo, Rwanda na Burundi wakumbuke kwamba hapa tunapita kushoto. Kosa hutokea pale barabara ikiwa tupu, unapotoka kwenye kituo cha mafuta au uani kwa mtu. Kwenye kipilefti, mpishe anayetoka kulia.

Hatua ya 3: Kagua gari kwa nusu saa

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka kwa haya, kwa sababu mwenye gari kasimama pembeni anaongea vizuri. Iwe heshima kwenu nyote wawili. Mwambie, "Samahani kaka, naomba tulitazame pamoja ili tusije tukasumbuana siku ya kurudisha." Piga video ukizunguka gari lote, bampa, vioo, paa, na dashibodi inayoonyesha kiwango cha mafuta.

Anza na tairi. Usitazame kashata tu, yaani michoro ya uso wa tairi. Shika ubavu wa kila tairi, nje na, ukiweza, ndani. Ubavu wenye mchano au uvimbe hautamaliza siku kwenye maweni. Kisha spea tairi: lina upepo? Ni la saizi moja na mengine? Halafu jeki na spana ya magurudumu. Usiridhike kuviona. Legeza nati moja na uikaze tena, kwa sababu spana ya saizi nyengine ni sawa na kutokuwa na spana, na nati zilizoshika kutu kwa chumvi ya bahari hazifunguki kwa mkono mtupu.

Fowili ijaribiwe. Tafuta sehemu ya kifusi au mchanga, si lami. Kwenye gari lenye fowili ya kuweka kwa mkono, iweke, nenda mbele taratibu hatua chache, kisha kata usukani mpaka mwisho. Gari likiwa linakataa kidogo, kama limeshikwa, fowili imeingia. Likipinda kwa wepesi uleule wa mwanzo, gia hiyo huenda haiunganishi kitu. Ukimaliza, itoe na urudi nyuma kidogo ili ilegee.

Yaliyobaki yanakwenda haraka: breki, honi, taa zote, waipa, mkanda wa kila kiti, oili kwenye kijiti, maji ya rejeta injini ikiwa baridi. Washa na uzime mara mbili kujua betri.

Hatua ya 4: Mapatano

Bei hupungua ukikodi siku kadhaa mfululizo na ukija wakati wa masika, miezi ya Machi hadi Mei, wageni wanapokuwa wachache. Lakini bei si jambo la kwanza la kubishania. La kwanza ni nani analipa nini. Pancha ni juu ya nani? Tairi likichanika ubavu? Gari likifa njiani, nani analifuata, na ndani ya muda gani? Kiasi cha dhamana ni kipi, na kitarudishwa siku gani? Yaandikwe. Mkodishaji mwema hataudhika.

Muulize pia njia zipi hataki gari lake lipite. Wengi hukataza kuingia ufukweni na kwenye maji ya chumvi, na wana haki: chumvi hula breki na chesisi, na mwenyewe hulijua hilo miezi baada ya wewe kuondoka.

Mafuta: gari mara nyingi hukabidhiwa likiwa karibu tupu. Jaza mjini. Vituo vipo barabara kuu lakini ukiingia ndani utakuta petroli ya chupa madukani. Inasaidia kukutoa ulipo, lakini usiifanye mpango wa safari.

Hatua ya 5: Jua maji kabla ya kupanga siku

Mtu wa bara hufikiri habari ya maji kujaa na kupwa ni ya wavuvi. Unguja inamhusu dereva pia. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji makubwa na madogo hufika karibu mita 4, na upande wa mashariki bahari hukimbia mbali mpaka ukadhani haitarudi. Inarudi kwa saa 6 hivi, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 kuliko jana yake. Mara nyingi ule mchanga mgumu uliouona asubuhi ukauona kama barabara, mchana uko chini ya maji.

Kwa hiyo wazo la kuendesha ufukweni, ambalo watu huja nalo kutoka kwenye picha, liondoe. Sababu haiishii kwenye maji. Kule Paje, Jambiani na Bwejuu, maji yakitoka utaona safu za vijiti na kamba zinazokwenda mbali: ni mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake, wanaoinama juani saa nyingi kwa pesa kidogo. Gurudumu moja likipita juu ya kamba limekula kazi ya wiki kadhaa za mtu. Na juu ya alama ya maji, penye mchanga laini chini ya vichaka, kasa hutaga. Mayai hayo huyaoni. Egesha kijijini, shuka utembee.

Unachopaswa kufanya na ratiba ya maji ni kupanga vituo. Mtende, ambako bahari huingia kwenye mwanya mdogo baina ya majabali, ufukwe wenyewe unapungua sana maji yakijaa. Fika yakiwa yanatoka.

Hatua ya 6: Upepo wa tairi, na namna ya kupita

Hapa ndipo madereva wazoefu wa bara hukosea, kwa kuwa wamezoea ardhi ya aina moja. Kwenye mchanga unapunguza upepo: ukitoka kwenye psi 30 ukashuka hadi 18 hivi, tairi hutanuka na gari huelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Lakini tairi lililopungua upepo huvimba ubavuni, na ubavu uliovimba ndio chakula cha maweni. Usipite kwenye jiwe la matumbawe na upepo wa mchangani. Huku kusini njia moja inaweza kukupa mchanga mita mia, kisha maweni kilomita mbili. Kama huna pampu ndani ya gari, usipunguze upepo kabisa. Bora uache kipande cha mchanga na uende kwa miguu.

Kwenye maweni, kasi ni ya mtu anayetembea. Gia nzito kama ipo. Jiwe lililochongoka lipandishe kwa uso wa tairi. Usilipitishe kando likakwaruza ubavu. Ukiwa na mwenzako, ashuke atangulie mbele akuelekeze.

Kwenye mchanga, weka fowili kabla ya kuingia, si baada ya kukwama. Nenda kwa mwendo mmoja bila kukanyaga breki ghafla, wala usizungushe magurudumu ukisikia yanachimba. Acha hapohapo, fukua nyuma ya kila tairi, punguza upepo kama una pampu, tandika makuti makavu, kisha toka kwa kurudi nyuma juu ya alama zako mwenyewe.

Kwenye kinongo baada ya mvua, jambo la busara ni kusubiri. Jua la saa chache hukausha njia ya shamba kwa kiasi cha kushangaza. Kinamo cha mabondeni hakina subira hiyo, kikilowa, zunguka.

Hatua ya 7: Siku moja ya kusini

Kwa siku ya kwanza nakupa njia hii, kama kilomita 150 kwenda na kurudi, kwa sababu ina lami ya kutosha kukufundisha gari na maweni ya kutosha kukufundisha kisiwa.

Toka mjini saa 1 asubuhi kupitia Mwanakwerekwe na Tunguu. Ukikaribia Jozani utakuta matuta barabarani. Yamewekwa kwa ajili ya kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu dunia nzima, na magari yamekuwa yakiwaua wakivuka. Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004. Ingia asubuhi, lipa kiingilio, tembea na mwongozaji wa hifadhi. Hapo hapana kujiongoza. Ukitoka, usisimamishe gari katikati ya barabara kupiga picha hata kama kima wamejaa juu ya miti ya pembeni.

Kitogani barabara hugawanyika. Kushoto ni Paje. Wewe shika kulia kuelekea Muyuni, kisha Kizimkazi Dimbani. Msikiti wa kale uliopo pale una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Bado unasaliwa. Omba ruhusa kwa mzee aliyepo, vua viatu, vaa nguo ya kusitiri, na uepuke saa za sala kama hukuja kusali.

Kutoka hapo elekea Makunduchi, na ndani yake ulizia njia ya Mtende. Hapa ndipo fowili inaanza kazi. Ukimaliza Mtende, rudi Makunduchi ushike njia ya pwani kwenda Jambiani. Nyuma ya Jambiani, ndani ya maweni, lipo Pango la Kuumbi. Watafiti wa mambo ya kale wamekuta humo alama za watu wa miaka karibu 20,000 iliyopita na mifupa ya wanyama kama pundamilia, ya zama ambazo Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Kwangu hapo pana uzito kuliko ufukwe wowote wa kisiwa hiki. Usiende peke yako: njia za maweni zinafanana, na pango hutumiwa na wenyeji kwa mambo yao ya ibada na mila. Tafuta kijana wa kijiji akupeleke, mkubaliane malipo kabla.

Kisha Paje, chakula, na kurudi mjini kabla ya jua kuzama. Jua linazama baina ya saa 12 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Usiku kuna magari ya ng'ombe yasiyo na taa, baiskeli, na watu wanaotembea ukingoni mwa lami. Sijaona sababu ya mgeni kuendesha njia za shamba usiku.

Kaskazini iwe siku nyengine: Mangapwani na pango lake, magofu ya Fukuchani, kisha Nungwi. Lami ni nyingi, kinongo kidogo, na maweni yanaanza ukikaribia ncha.

Hatua ya 8: Kuuliza njia na kupita vijijini

Ramani ya simu huonyesha njia za maweni kana kwamba zote ni barabara. Nyingine ni za wakata kuni. Uliza watu, na uulize vizuri. Zima injini, shusha kioo, salimia mpaka mwisho wa salamu: "Assalaam aleikum. Shikamoo mzee, habari za hapa?" Kisha usiulize, "Hii inakwenda pwani?" Wengi watakujibu ndiyo kwa kukukirimu. Uliza, "Njia hii inatokea wapi? Gari linapita?" na "Lini limepita la mwisho?" Jibu la swali la tatu ndilo la kulitegemea.

Njia ikipita kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, hodi kwanza. Ikipita makaburini, geuka. Ukitaka kulala nje au kuingia msitu wa kijiji, mtafute sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo.

Saa za watoto kutoka skuli na chuoni (madrasa), vijiji vya kandokando ya barabara hujaa. Mguu uwe juu ya breki. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani, hata ndani ya gari lenye vioo wazi, na jihadhari na ile saa moja kabla ya magharibi, kila mtu anapokimbilia futari.

Hatua ya 9: Kikiharibika kitu

Pancha: sogea penye ardhi ngumu, tia jiwe nyuma ya gurudumu, jeki chini ya sehemu imara ya chesisi. Mchangani jeki huzama; weka kipande cha ubao chini yake, kwa hiyo ubebe kimoja tangu mjini. Ukishatumia spea, safari ya maweni imekwisha kwa siku hiyo mpaka tairi lizibwe.

Ajali yenye majeruhi: piga 112, mpigie mwenye gari, usiliondoe gari mpaka polisi waseme. Hospitali za karibu ni Makunduchi kwa kusini, Kivunge kwa kaskazini, na Mnazi Mmoja mjini. Ukigonga mbuzi au kuku, simama. Mwenyewe yupo karibu, na mazungumzo ya adabu hapo hapo humaliza jambo.

Hatua ya 10: Kurudisha

Rudi mchana, si usiku, ili gari lionekane. Lioshe kabla, na chini kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kama umekuwa pwani. Jaza mafuta hadi pale yalipokuwa kwenye video yako. Zungukeni pamoja tena, piga video ya pili, na umwonyeshe mwenyewe kila mkwaruzo mpya bila kungoja aukute. Pokea dhamana yako hapo hapo na uandikiwe kwamba gari limepokewa, na tarehe na saa. Video zote mbili zihifadhi hadi utakapokuwa umefika kwako na hakuna simu iliyopigwa.